Maisha ya Mwalimu Anastasia Cosmas Kobelo, Aliyefundisha Miaka Tisa Bila Sauti

Baba Paroko, masista, walimu, wazee wetu mlioteremka kutoka Mgeta tangu alfajiri, majirani wa Bigwa, Wakristo na Waislamu, na ninyi wanafunzi mliokuja na sare zenu, familia inawashukuru kwa kutufikia katika siku hii, na kabla hatujaelekea makaburini inaomba mtusikilize kidogo, ili sote tujue ni mtu wa namna gani tunayemlaza leo, maana wengine mlimjua kama mwalimu wenu, wengine kama jirani, na wapo waliomjua tu kama yule mama wa darasa la kwanza anayeongea kwa pumzi.

Mwalimu Anastasia alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 katika kitongoji cha Lusungi, Mgeta, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Cosmas Kobelo, aliyekuwa katekista, na Bibi Angelina, mkulima wa njegere na kabichi. Waliokua naye wanasema sauti yake ilifahamika kabla ya sura yake, kwa sababu kule milimani nyumba moja iko huku na nyingine iko ng'ambo ya bonde, na kushuka na kupanda kwa ajili ya kusema neno moja ni mwendo wa saa nzima, kwa hiyo watu huitana, na mama yake alikuwa akimsimamisha ukingoni mwa shamba, mtoto wa miaka sita, amwite baba yake aliyekuwa akilima upande wa pili, na Mzee Cosmas alisikia kila neno. Majirani wakawa wanakuja kumwazima, "Mama Nastasia, tupe huyo mtoto atuitie watu wa ng'ambo, tuna msiba," naye alikwenda, akasimama, akaita, na kabla jua halijapanda watu wa ng'ambo walikuwa wameshafika.

Mwaka 1957 alianza darasa la kwanza katika shule ya misheni, akitembea saa moja na nusu kwenda na zaidi ya hapo kurudi, kwa kuwa kurudi ni kupanda, na mwaka 1961 akaendelea na masomo ya kati kwa masista, ambako alifundishwa kusoma nota na kuongoza nyimbo za Misa, mpaka alipomaliza darasa la nane mwaka 1964. Mwaka 1965 alijiunga na chuo cha ualimu cha masista hapa Morogoro, na Desemba 1966, akiwa bado hajatimiza miaka kumi na minane, alipokea cheti chake cha ualimu. Bibi Angelina aliposhuka kumpongeza alimletea kikapu cha njegere na kumwambia maneno ambayo marehemu aliyarudia mara nyingi kwa watoto wake, "Haya, sauti hiyo sasa ikawaite watoto wa watu."

Januari 1967 alipangiwa shule iliyokuwa nje kidogo ya Dumila, wakati ule Dumila ikiwa ni vibanda vichache na vumbi la barabara, akapewa darasa la kwanza lenye watoto tisini na wanne, wengine wakikaa chini, wengine wakisikiliza dirishani, na hakuna aliyelalamika kwamba hakumsikia. Shule za misheni zilipochukuliwa na serikali mwaka 1970 aliendelea na kazi ile ile, na mwaka 1974 akahamishiwa shule ya msingi moja hapa mjini, karibu na Kilakala, akakaa hapo miaka kumi na tisa, na kila walimu wakuu walipotaka kumpandisha madarasa ya juu aliomba abaki na darasa la kwanza. Aliwaambia kwamba mtoto hufunguliwa mlango mara moja tu maishani, naye anapenda kuwa ndiye aliyeshika kitasa. Jumapili aliongoza kwaya ya parokia, na waliokuwa wakiishi karibu na kanisa miaka ile wanajua kwamba hawakuhitaji kengele kuambiwa Misa imefika wapi.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa takatifu na Bwana Castory Lukali, fundi mitambo wa kiwanda cha magunia, ambaye tuko naye hapa akiwa na afya yake, tunamshukuru Mungu. Walijaliwa watoto watatu, Ernest aliyezaliwa 1972, Joyce aliyezaliwa 1975 na Shukuru aliyezaliwa 1980, na hadi anaitwa na Bwana marehemu alikuwa na wajukuu watano.

Mwaka 1986, wakati maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena baada ya miaka ya kupanga foleni, marehemu aliona shingo yake imeanza kuvimba. Halikuwa jambo la ajabu kwao, kule juu wanawake wengi walikuwa na uvimbe wa tezi la shingo, wanaouita goita, na chumvi yenye madini joto ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo alijifunga mtandio akaendelea kufundisha na kuimba. Lakini uvimbe ulikua, ukaingia ndani, na kufikia mwaka 1992 alikuwa hawezi kulala chali, alilala ameketi, ameegemea mito miwili, na Castory akilala nusu macho akisikiliza kama anavuta pumzi. Walikwenda Dar es Salaam, na daktari bingwa aliyempima alikuwa mkweli kwao, akamwambia, "Mama, nikiuacha uvimbe huu utakuziba pumzi. Nikiutoa, mishipa ya sauti inapita hapo hapo, na siwezi kukuahidi kwamba haitaguswa." Marehemu aliomba wiki moja ya kufikiri.

Wiki hiyo alifundisha kama kawaida na Jumapili akaongoza Misa nzima bila kumwachia mwenzake wimbo hata mmoja, na waliporudi nyumbani alimwuliza mume wake atamfanyaje kama ataamka bubu. Castory, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimjibu, "Mama Ernest, mimi nilioa mtu, sikuoa kwaya." Alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akaanza kufungasha mzigo wa hospitali.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Machi 1993. Uvimbe ulitoka wote, pumzi ikarudi, na familia inamshukuru daktari yule mpaka leo kwa kutupa miaka kumi na mitatu zaidi na mama yetu, lakini alipoamka na kufungua kinywa amwite nesi, ilitoka hewa tupu. Walimwambia asubiri miezi sita, akasubiri, wakamwambia asubiri mwaka, akasubiri, na alichobaki nacho kilikuwa ni midomo yake na pumzi, mnong'ono ambao ungeusikia tu ukiwa karibu naye na redio imezimwa. Watu wakawa wanafanya mambo ya kuchekesha bila kukusudia, mwingine akimnong'oneza naye kana kwamba wanateta siri, hata muuza mafuta ya taa alimnong'oneza bei, na mwingine akimpigia kelele kama vile masikio ndiyo yaliyokatwa, naye alivumilia wote, ingawa nyumbani alimwandikia Joyce kwenye karatasi, "Leo nimepigiwa kelele na watu saba."

Februari 1994 alistaafishwa kwa sababu za kiafya, maana mwalimu wa darasa la kwanza asiye na sauti nani angemwelewa, na mwaka huo huo kiwanda cha magunia kilisimamishwa kungoja mnunuzi, Castory na wenzake wakapunguzwa kazini, na asubuhi moja watoto waliwakuta wazazi wote wawili wamekaa ukumbini, wamevaa, hawana pa kwenda. Walihamia hapa Bigwa kwenye kiwanja chao chini ya mlima, wakalima mchicha na matembele, Castory akawa anatengeneza baiskeli na mashine za kusaga za watu.

Familia haitaficha, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuficha, kwamba miaka hiyo hakuwa na amani na Mungu. Misa alikwenda, lakini alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kwaya ilipoanza alitoka nje akasimama kwenye tangi la maji mpaka wamalize. Siku moja Castory alimfuata pale akamwuliza kulikoni, naye akamwambia kwa pumzi, polepole ili amsikie, "Angechukua mguu. Angechukua jicho. Kwa nini achukue kile kile nilichokuwa nampa?" Castory alisimama naye tu pale kwenye tangi, na Jumapili zilizofuata wakawa wanasimama wawili.

Ilipofika Januari 1997, wakati mashirika na watu binafsi walipokwisha kuruhusiwa kufungua shule za msingi, masista walifungua Shule ya Msingi Mtakatifu Monika hapa Bigwa, madarasa matatu ya matofali ya saruji na choo, wakaanza na darasa la kwanza na la pili. Mwalimu mkuu alikuwa Sista Cecilia, ambaye yuko pale na masista wenzake, naye akasikia kwamba jirani yao ni mwalimu mstaafu mwenye mikono mizuri, akaja kumwomba awakatie watoto herufi za maboksi. Maboksi wakati huo hayakuwa shida, ya sabuni, ya biskuti, ya betri, kila duka lilikuwa linayatupa, na marehemu alikata herufi mia tatu na zaidi, akazipaka rangi, na kila asubuhi alikwenda nazo, akakaa nyuma ya darasa, akiwasogezea watoto herufi zilizoanguka.

Jumatatu tarehe 19 Mei 1997 mwalimu wa darasa la kwanza hakutokea, alikuwa amepata nafasi katika moja ya shule mpya za Dar es Salaam, akaondoka bila kuaga. Sista Cecilia alikuwa na darasa la pili mkononi na mgeni wa jimbo ofisini, akamwambia marehemu, "Mama Ernest, nisaidie kukaa nao tu mpaka saa nne, wasiumizane." Watoto walikuwa arobaini na wanane, wa wakulima, wa madereva, wa wafanyabiashara wa sokoni, wajukuu wa wenye maduka wa mjini, wengine Wakatoliki, wengine Waislamu, na wawili Wahindu. Mara Sista akaja kugundua kwamba kutoka darasa la kwanza hakusikii kitu chochote. Anasema alidhani watoto wametoroka wameshuka mtoni, akakimbia mpaka mlangoni.

Watoto walikuwepo wote. Ubaoni palikuwa na neno moja, SIMAMA, nao wamesimama. Marehemu akalifuta, akaandika KETI, wakaketi. Akaandika GUSA PUA, wakagusa pua, isipokuwa wawili waliogusa masikio, wakatazama wenzao, wakajisahihisha wenyewe. Akaandika CHEKA, darasa zima likaangua kicheko mpaka madawati yakatikisika, na kicheko kikiwa kimepamba moto akaandika NYAMAZA, kikakatika papo hapo, na macho arobaini na manane mara mbili yakabaki ubaoni yakingoja neno linalofuata. Ijumaa iliyotangulia watoto hao hao walikuwa wakiimba a, e, i, o, u bila kujua ipi ni ipi. Hakuna aliyewaambia kitu kwa mdomo asubuhi ile, wala hawakuwa na njia nyingine ya kumjua mwalimu wao anataka nini ila kusoma. Sista Cecilia ametuomba tuseme hili jinsi lilivyokuwa, kwamba alisimama pale kwenye mlango na alipotazama chini akakuta amevua viatu, na hakumbuki kuvivua.

Jioni hiyo alimfuata nyumbani akamwambia darasa ni lake. Marehemu aliandika kwenye daftari, "Sina sauti." Sista akamjibu, "Nimeona, Mwalimu. Na wao wameona."

Tangu siku hiyo watoto wa darasa la kwanza walifundishwa hivi. Mwalimu alionyesha silabi, akaitamka kwa midomo bila sauti, watoto wakaitazama midomo yake wakaitoa wao, na kila siku mtoto mmoja alisimama kando yake akawa msemaji, akisoma kwa sauti kile mwalimu alichoandika au alichonong'ona, na waliokuwa waoga kusema mbele za watu waliachiwa wachelewe, lakini hakuna aliyeachwa. Saa sita kengele ya Malaika wa Bwana ilipolia alifumba macho na kuanza sala kwa midomo, na sauti za watoto zikaijaza, na wale Waislamu na Wahindu wakasimama kimya kwa heshima na kila mmoja kwa imani yake. Wageni waliofika saa hiyo walikaa uani hawaingii.

Wazazi hawakufurahi wote, na hilo tusilifiche. Jumamosi tarehe 20 Septemba 1997 uliitishwa mkutano wa wazazi, na aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Mikidadi mwenye karakana ya mbao, ambaye ametupa ruhusa ya kulisimulia jambo hili mbele yenu na mbele yake. Alisema, "Sista, tunakuheshimu, na huyu mama hana kosa, tunampa pole. Lakini mimi nimemleta mwanangu Shadia hapa afundishwe, na mwalimu wake hatoi sauti. Siku hizi nyumbani mtoto haniiti baba, ananigusa bega. Mwakani mtatuletea mwalimu asiyeona?" Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Marehemu alikuwa amekaa kando ya ubao. Aliinuka, akaandika, "Mpe Shadia asome kitu ambacho mimi sijawahi kukiona." Mtoto mmoja wa darasa la pili akawasomea wazazi maneno hayo.

Mzee Mikidadi alipapasa mfukoni akatoa barua. Ilikuwa imeletwa na dereva wa lori siku mbili kabla kutoka kwa mdogo wake Abasi, mfanyakazi wa mashamba ya miwa kule Turiani, na ilikuwa bado haijasomwa, kwa sababu mwenyewe wakati huo hakujua kusoma, na karani wake alikuwa amekwenda Dumila kupokea mzigo wa mbao. Hilo hakulisema. Alisema tu, "Haya, hii hapa," akamkabidhi mtoto.

Shadia alikuwa na miaka saba. Alisimama, akaishika kwa mikono miwili ile barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa za kuachana kama zinazoandikwa kwenye magunia ya sukari, akaanza, silabi kwa silabi, "Ka-ka Mi-ki-da-di, shi-ka-moo." Watu wakatabasamu. "Ma-ma ha-li ya-ke si nzu-ri to-ka I-ju-maa. A-na-ku-ta-ja. U-ki-pa-ta ba-ru-a hi-i u-si-ka-e." Akageuka akamtazama baba yake, akauliza, "Baba, bibi anaumwa?"

Mzee Mikidadi alimchukua mtoto mkononi, akamwendea marehemu, akataka kusema neno na likakwama, na marehemu, ambaye alijua vizuri kuliko wote neno kukwama kulivyo, alimwelekeza mlangoni, akatamka kwa midomo, "Nenda." Akaenda Turiani na basi la saa nane. Alimkuta mama yake anaongea, akakaa naye siku tisa, akamzika kwa mikono yake, na aliporudi hakwenda nyumbani kwanza, alipitia shuleni, akamwambia marehemu, "Mwalimu, ningemkuta kaburini." Wiki iliyofuata alileta mbao za madawati, na baada ya hapo, kila siku saa kumi watoto wakishaondoka, alikuja yeye mwenyewe akakaa kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu, mpaka alipoweza kumwandikia Abasi barua kwa mkono wake.

Baada ya hapo hapakuwa na mkutano mwingine wa kumjadili. Walimu wa shule nyingine walikuja kumtazama, mkaguzi aliyefika mwaka uliofuata alikaa darasani saa mbili badala ya dakika arobaini, na kwenye kitabu cha wageni aliandika, "Sina la kushauri."

Lakini kuimba bado hakutaka hata kusikia kukitajwa. Sista Cecilia alimwomba mwaka mzima awafundishe watoto nyimbo za Misa, naye akakataa mwaka mzima, na ni Castory aliyemwambia siku moja akitengeneza mnyororo wa baiskeli, bila kuinua kichwa, kwamba amechoka kusimama kwenye tangi. Akaanza. Alifundisha kwa vidole, kwa midomo, kwa kunyanyua nyusi, akipita kwa mtoto mmoja mmoja na kumwekea mkono kifuani ajue pumzi itoke wapi, na sikukuu ya Mtakatifu Monika, somo wa shule, tarehe 27 Agosti 1998, watoto tisini wa Bigwa waliimba Misa kanisani.

Siku hiyo Bibi Angelina alikuwa amefika kutoka Mgeta kwa lori la kabichi, mzee wa miaka themanini na zaidi, macho yake yakiwa yamekwisha kabisa, akaketishwa benchi la mbele. Hakuna aliyekuwa amemwambia binti yake ndiye anaongoza, kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa moyo na familia iliogopa kumsisimua. Watoto walipoanza wimbo wa Utukufu, Bibi alinyanyua mkono wake, akaushika mkono wa Joyce aliyekaa naye, akasema kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia, "Huyo ni Nastasia. Nastasia anaimba." Joyce akamwambia, "Bibi, ni watoto." Bibi akasema, "Nimemzaa mimi. Hivyo ndivyo anavyoshusha mwisho wa mstari." Mwenye kumbukumbu ya kwaya ya zamani ya parokia yetu akatega sikio, na akakuta ni kweli, kwamba katika midomo ya watoto tisini ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumsikia mwalimu wake akiimba, mistari ilikuwa inashuka kama alivyoishusha yeye. Marehemu hakugeuka nyuma, mikono yake ilibaki juu, lakini waliokuwa upande wa kulia waliuona uso wake, nasi tutaishia hapo kuusimulia.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la tatu, na Castory pembeni yake.

Aliendelea na darasa la kwanza hadi Machi 2006, na kwa hesabu ya rejesta za shule watoto mia nne thelathini na mmoja walijifunza kusoma kwake bila kusikia sauti yake. Tangu mwaka 2004 alisumbuliwa na shinikizo la damu na moyo kutanuka, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi darasani, akaumwa tena, na mwezi Julai mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi kupungua. Alilazwa hapa Morogoro mjini tarehe 2 Agosti 2006, akahudumiwa kwa upendo mkubwa, na akaiaga dunia Alhamisi tarehe 17 Agosti 2006, saa mbili na nusu asubuhi, baada ya kupokea sakramenti, mume wake akiwa amemshika mkono na Ernest, Joyce na Shukuru wakiwa wamesimama kando.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zake za mwisho, na hasa wauguzi waliojifunza kuinama karibu naye ili asihangaike kurudia neno. Inawashukuru masista wa shule na walimu wenzake waliomshikia darasa lake tangu Machi, Baba Paroko, jumuiya ndogo ndogo za Bigwa, akina mama Wakatoliki wa WAWATA, majirani waliopika na kulala chini nasi siku hizi mbili, Mzee Mikidadi aliyechonga jeneza hili yeye na vijana wake, na Shadia aliyesafiri kutoka shule ya sekondari anakosoma kuja kumuaga mwalimu wake. Kama yupo tuliyemsahau, atusamehe, ni uzito wa msiba.

Jana Joyce alipokuwa akitafuta vitambulisho alikuta karatasi kwenye Biblia ya marehemu, imeandikwa kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, na tunaisoma kama ilivyo: "Siku yangu ikifika, msisome mambo marefu. Mume wangu apewe kiti. Watoto wa shule wasisimamishwe juani." Mambo marefu tumeshasoma, Mwalimu, utusamehe. Castory kiti anacho. Sasa tunawaomba watu wazima mliosimama chini ya turubai hapa kushoto mtoke, muwapishe watoto wa darasa la kwanza waingie, ninyi mkae nje, na tutangoja mpaka wa mwisho aingie ndipo jeneza liinuliwe.

Asanteni. Wameingia.

Mwalimu, watoto wako kivulini. Lala sasa, kwa amani ya Kristo.